Watoto Waliwatumbuiza Wageni

Umoja, Nairobi
Jumapili, 27 Julai 2025

Kwa dada yangu mpendwa Khavere,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, miwani yako iko karibu, na lile goti la kushoto limekupa nafuu tangu mvua zipungue huko Chavakali. Sisi huku tunaendelea, tukimshukuru Mungu kwa uzima. Baridi ya Julai imetushika kweli kweli. Nguo zinakaa kwenye kamba siku tatu na bado hazikauki. Mke wangu anakusalimu sana, na anashukuru kwa ndizi na mahindi mabichi uliyotufungia siku tulipoondoka kwako. Mahindi tuliyala siku ileile. Ndizi mbili bado ziko mezani, zimeiva kupita kiasi, na hakuna mwenye moyo wa kuzitupa kwa sababu zilifungwa na mikono yako.

Binti yako Triza amerudi kiwandani. Msimamizi alimweleza kwamba siku za msiba kwa kibarua ni tatu, naye alikuwa amechukua kumi na moja. Kwa hiyo alisimama langoni asubuhi nne mfululizo pamoja na wale wanaotafuta kazi upya, hadi jina lake likaitwa. Anakula kidogo. Bintiye Muhonja anaendelea na shule, lakini ameacha kwaya. Mwalimu wa kwaya alikuja hadi kwangu kuuliza kama mtoto anaumwa koo.

Dada, uliponipigia simu Jumatatu uliniomba mambo mawili. La kwanza, nikutumie ile karatasi niliyokuwa nimeishika siku nilipozungumza kaburini kwa mjukuu wako Griffins, ili uihifadhi ndani ya Biblia yako, kwa kuwa, kama ulivyosema, maneno yale yaliwatuliza watu wote waliokuwapo. La pili, nimzuie Muhonja asije nyumbani likizo hii ya Agosti, kwa sababu huwezi kumtazama. Nilikuahidi kuyatimiza yote mawili. Nilipoweka simu chini niligundua kwamba siwezi kutimiza moja bila kulivunja la pili. Ndiyo maana naandika. Simu ingenipa nafasi ya kukukatiza, nami ni mtu ambaye akipewa nafasi ya kusema hujinasua.

Naomba uisome barua hii peke yako kwanza. Usimpe kijana wa jirani akusomee, na usiifungue mbele ya kina mama wa kanisa. Baadaye ukitaka kuwasomea wote, ni haki yako.

Wewe hupenda kuwaambia watu kwamba mdogo wako ni mtu wa kaunti. Nimekuacha useme hivyo kwa miaka minne, kwa sababu nilipenda kusikia. Ukweli ni kwamba mimi ni mwalimu mkuu mstaafu aliyechaguliwa kuongoza kamati ya wadi ya huduma za watoto. Tuko wajumbe tisa. Kazi yetu ni kuzitembelea nyumba za kulelea watoto wachanga na vituo vya chekechea, kutazama milango, vyoo na maji, kujaza fomu, na kila mwaka kukusanya maoni ya wakazi kuhusu mambo ambayo watoto na vijana wanayahitaji kwanza, kisha kuyapeleka kwa kamati ya Bunge la Kaunti. Katibu wetu ni Bi. Wavinya, mwanamke wa Kitui aliyefanya kazi ya ukarani mahakamani Makadara kwa miaka ishirini. Haandiki neno ambalo halikusemwa. Tafadhali likumbuke jina lake.

Mwezi wa Machi tulizitembelea nyumba za kulelea watoto huko Mukuru kwa Reuben, ikiwemo ile ya Mama Beldina. Kwa desturi yetu hupiga simu siku mbili kabla. Tunasema ni adabu, kwa kuwa hakuna anayependa kuvamiwa. Basi tulipofika tuliukuta mlango wazi, sakafu ikinukia sabuni, watoto kumi na wawili wamepakwa mafuta hadi kwenye visigino, na sisi wajumbe tumewekewa chai ya maziwa na mandazi. Mama Beldina alitulalamikia kidogo kuhusu maji, kwamba bomba lake hukauka siku tatu kwa wiki. Niliandika kwenye fomu kwamba mahali panafaa. Jioni nilimpigia Triza simu na kumwambia ampeleke Griffins pale, kwa maana mimi mwenyewe nimepakagua. Aliniambia, "Kama ni wewe umeona, Mjomba, basi nimelala usingizi."

Tangu siku hiyo Muhonja ndiye aliyekuwa akimbeba mdogo wake mgongoni kila asubuhi kabla ya shule, kwa kuwa mama yao huondoka alfajiri. Mchana alikuwa akipita tena kumpa dawa ya kifua. Unajua jinsi Griffins alivyokuwa na kifua chepesi.

Mwishoni mwa Mei tukaitisha mkutano wa wakazi katika uwanja wa shule, chini ya mahema mawili. Mimi nilikuwa mwenyekiti na pia mwongozaji wa shughuli, kama kawaida. Watu huku wananijua kwa kazi hiyo. Wakiwa na harusi, mahafali au mchango, huniita nishike kipaza sauti, na sijawahi kukataa. Ratiba ilikuwa na vipengele kumi. Cha saba kilisema hivi: Vipaumbele vya watoto na vijana, dakika kumi, mwasilishaji Muhonja. Walimu ndio waliomchagua, wala si mimi. Walisema kati ya watoto wote ndiye anayesema bila kutetemeka. Yeye na wenzake watatu walikuwa wameandaa maneno yao wiki nzima na kuyaandika kwenye karatasi iliyochanwa kutoka katikati ya daftari.

Mgeni wetu wa heshima kutoka kaunti alichelewa kwa saa mbili na nusu. Alipofika, msaidizi wake aliniinamia sikioni na kunieleza kwamba mheshimiwa lazima aondoke kabla ya saa kumi. Dada, ungekuwa pale ungeona jinsi nilivyoshughulika. Watu wazima walikuwa wameshasema yao, na walikuwa wamepiga kura kwa kuinua mikono: kwanza mlingoti wa taa, pili kibanda cha bodaboda, tatu lango la wadi lenye jina. Kilichobaki kabla ya neno la mgeni ni kipengele cha saba. Nikakitazama kile kipengele, nikatazama saa, nikamtazama mgeni anavyokunywa chai, nikatangaza kwa sauti nzuri kwamba kwa sababu ya muda, watoto wetu wapendwa watatutumbuiza kwa wimbo mmoja mfupi, na maoni yao wataikabidhi kamati kwa maandishi.

Muhonja alikuwa ameshasimama. Karatasi ilikuwa mkononi mwake. Nyuma ya hema palikuwa na kijana mmoja aitwaye Willis, mwakilishi wa vijana, mwenye nywele ambazo hazijaona kinyozi tangu Krismasi. Akapaza sauti, "Mzee, wacha mtoi aongee! Nyimbo tutaskia church!" Vijana wakapiga mbinja. Nami, kwa ule upole wa mwalimu unaouma, nikamjibu kwamba anayetaka kuongea na kaunti aanze kwa kuongea na kinyozi. Hema zima likacheka. Mgeni alicheka hadi chai ikamwagika kwenye sahani. Willis akaketi. Hata Muhonja alitabasamu, kwa sababu alifundishwa kwamba watu wazima wakicheka mtoto atabasamu.

Akaimba. Ule wimbo uliuona wewe mwenyewe kwenye simu ya mchungaji, na ulinipigia ukilia kwa furaha kwamba mjukuu wako ameimba mbele ya wakubwa wa Nairobi. Aliimba vizuri mno. Alipomaliza alikuja mezani, akanikabidhi ile karatasi kwa mikono miwili, akaniambia kwa sauti ya chini, "Babu, kuna kitu ya haraka hapo." Nikamwambia kwamba nitalifanyia kazi. Nikaitia katika mfuko wa ndani wa koti langu la kahawia, lile ninalolivaa kwenye mikutano na mazishi tu, kisha nikamkaribisha mgeni.

Siku mbili baadaye Bi. Wavinya aliniletea kumbukumbu za mkutano nizipitie. Kwenye kipengele cha saba alikuwa ameacha nafasi tupu. Aliniuliza kama nimekwisha kuisoma karatasi ya watoto ili aiambatishe. Nilimwambia nitampa kesho. Akauliza aandike nini kwa sasa. Nilimwamrisha aandike kwamba watoto waliwatumbuiza wageni kwa wimbo. Alinitazama juu ya miwani, akasema, "Mwalimu, hapa ni pa maoni." Nikamwambia aandike tu, tutarekebisha. Akaandika. Nikatia sahihi. Kumbukumbu zikaenda kaunti, na koti likarudi kabatini.

Kilichotokea tarehe mosi Julai unakijua, lakini ulikisikia kwa simu iliyokatikakatika, na nadhani unastahili kukisikia kikiwa kizima.

Ilikuwa Jumanne yenye baridi kali. Bomba lilikuwa limekauka tena. Mama Beldina aliwaacha watoto saba ndani pamoja na jiko la makaa, kwa ajili ya joto na kwa ajili ya uji uliokuwa juu yake. Akafunga mlango kwa kufuli kutoka nje, ili mtoto asitoke akaingia barabarani kwenye malori, akaenda na madumu mawili. Foleni ilikuwa ndefu. Dirisha la chumba kile lilikuwa limezibwa kwa mabati, maana mwezi wa Aprili wezi walilivunja. Makaa yaliyokuwa hayajashika vizuri yaliimaliza polepole hewa yote safi ya mle ndani. Hakukuwa na moto, wala kelele. Jirani alishangaa tu kwamba watoto wamenyamaza. Wanaume walipovunja kufuli kwa nondo waliwakuta wamelala. Sita waliamka walipofikishwa nje na kupepewa. Griffins hakuamka, kwa sababu ya kile kifua.

Muhonja alifika na chupa ya dawa wakati wanamtoa. Yeye ndiye aliyenipigia. Hakulia kwenye simu. Alisema, "Babu, mlango ulikuwa umefungwa," akarudia mara mbili, nami nikadhani ni mshtuko. Dada, nakuapia kwamba wakati huo sikukumbuka karatasi yoyote. Ningependa ulishike jambo hilo, ingawa halitanisaidia sana kwa hayo yanayofuata.

Tulimleta mtoto kwako Ijumaa ya tarehe kumi na moja. Ulitupokea uani. Unakumbuka vizuri uliyosema, lakini nataka kuyaandika, kwa kuwa mimi nayasikia kila siku. Ulimshika Muhonja bega mbele ya waombolezaji wote, ukamwambia, "Ulikuwa na mdomo wa kuwaimbia wakubwa Nairobi nzima. Ukakosa mdomo wa kusema mtoto wangu anafungiwa ndani kama kuku?" Wanawake wakaguna. Mmoja wao, sitamtaja, akaongeza kwamba watoto wa mjini hujali simu kuliko damu yao. Triza aliinamisha kichwa. Muhonja aligeuza uso akanitazama mimi, kwa muda mrefu, bila kupepesa. Nilidhani ananiomba nimtetee kwa kuwa mimi ni mzee wake. Nikamwambia aende jikoni akasaidie.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu imekuwa nzito tangu nilipoketi.

Siku ya Jumamosi mchungaji aliponiita nizungumze, nilisogea karibu na kaburi, nikatia mkono katika mfuko wa ndani wa koti kuitoa hotuba niliyoiandika Nairobi. Nilitoa karatasi ya daftari yenye mistari. Hotuba yangu nilikuwa nimeisahau nyumbani, juu ya meza. Niliifungua ile karatasi, na kabla ya kusema neno nikaisoma yote. Wewe ulidhani nimekabwa na machozi. Watu walinyamaza kunisubiri, na mchungaji akanipigapiga mgongoni kunitia moyo. Nilikuwa nikisoma. Nami naiandika hapa jinsi ilivyo:

"Sisi watoto wa huku tunaomba mambo matatu. La kwanza ni la haraka. Kwa Mama Beldina tunakopeleka wadogo wetu, akienda maji anafunga mlango na kufuli kwa nje na wanabaki na jiko ndani. Tumemwambia, akasema hana mtu wa kumsaidia na tusimharibie kazi. Tunaomba awekewe mtu mkubwa wa pili ama mlango wa kufunguka kutoka ndani. La pili, dirisha lake limezibwa na mabati, tunaomba chuma za dirisha ili hewa ipite. La tatu, kamati ikija kuangalia tunaomba isipige simu kwanza. Ahsanteni kwa kutusikiliza."

Chini yake kuna majina manne. La kwanza ni Muhonja.

Nilipoinua macho nilimwona ng'ambo ya kaburi, amesimama na sweta ya shule kwa sababu hana nyingine. Alikuwa ameitambua karatasi yake mkononi mwangu. Alijua kwamba nimeisoma. Dada, nilikuwa na watu mia tatu mbele yangu na sauti isiyohitaji kipaza sauti. Ingenichukua dakika moja kumrudishia mtoto yule jina lake, mbele ya watu walelewale waliomsikia akilivuliwa. Nikaikunja karatasi mara moja, nikaishika mkononi kama mtu aliyeshika hotuba, nikazungumza kwa dakika ishirini. Nikasema ile sentensi uliyoipenda, kwamba mbele ya kaburi la mtoto hakuna aliyejua wala asiyejua, na kwamba tusimtafute wa kumlaumu. Mkaitikia amina. Wewe ulilia, ukanishika mkono. Niliisema sentensi ile kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba aliyejua alikuwa mimi.

Muhonja alijua pia kwamba nimechagua. Tangu hapo hajaimba.

Unaniuliza, bila shaka, kwa nini hakumwambia mama yake. Nimemuuliza swali hilohilo leo. Alisema mama yake akisikia ataacha kazi, au atamwambia yeye Muhonja aache shule akae na mtoto, kama ilivyowatokea wasichana wawili wa darasa lake. Na zaidi ya hayo, alisema, kuna kamati, na kazi ya kamati ni hiyo, na Babu ndiye mkubwa wa kamati. Yaani katika ukoo wetu wote ni mtoto wa miaka kumi na mitatu peke yake aliyeiamini kazi yangu jinsi inavyostahili kuaminiwa.

Leo baada ya ibada niliwaita yeye na Triza hapa kwangu. Niliweka karatasi mezani na kuwaeleza yote niliyokueleza wewe. Triza aliisoma mara moja, akaiweka chini, akainuka akaanza kuosha vikombe vilivyokuwa vimekwisha kuoshwa. Nilimsubiri anitukane. Alinipa mgongo, akasema tu, "Mjomba, mimi nilimpiga." Siku waliyorudi kutoka kwako alimpiga mtoto kwa yale maneno yaliyosemwa uani, nami nilikuwa nyumbani kwangu nikipokea simu za watu waliosifu hotuba. Kisha alikaa chini sakafuni, si kwenye kiti, na Muhonja akaenda akakaa karibu naye. Mke wangu akaufunga mlango wa sebule, akanitoa nje kwa mkono. Ndipo nikaja kwenye meza hii kuandika.

Jumatano hii kamati ya Bunge la Kaunti inakuja kufanya kikao cha uchunguzi katika ukumbi wa Makadara. Wiki mbili zilizopita maafisa walituletea taarifa iliyokwisha kuandikwa, ikisema kwamba kamati ya wadi haikupokea onyo lolote kuhusu nyumba ile. Ilihitaji sahihi yangu tu. Mama Beldina yuko rumande, na taarifa ile ingemwachia yeye mzigo wote, kufuli, jiko, dirisha na maji yasiyokuwapo. Sikutia sahihi. Ijumaa nilimpelekea Bi. Wavinya karatasi ya watoto. Aliisoma akiwa amesimama. Hakunilaumu. Alitoa nakala mbili, akazigonga mhuri wa kamati, akafungua faili ya kumbukumbu za Mei, akaniuliza, kwa adabu ileile, kama sasa niko tayari kurekebisha kipengele cha saba. Nikarekebisha kwa mkono wangu na kuandika tarehe ya siku hiyo, ili asiwepo wa kudhani nilifanya hivyo mapema. Baada ya kikao nitajiuzulu, na watakaloamua juu yangu nitalipokea.

Walipotoka sebuleni nilimwambia Muhonja kwamba karatasi itasomwa Jumatano, na kwamba ni ya kwake, kwa hiyo aamue mwenyewe kama aisome yeye au niisome mimi, au asikanyage kabisa ukumbini. Akaniuliza kama safari hii ataruhusiwa kusema bila kuimba kwanza.

Dada, nilimgeukia mke wangu, mimi niliyewajibu watu wote maishani mwangu.

Mke wangu ndiye aliyemjibu kwamba ataruhusiwa. Muhonja akasema basi ataisoma mwenyewe, ila Willis aje akae mbele. Nimempigia Willis. Nilimwomba msamaha kwa lile neno la kinyozi. Akasema, "Sawa, mzee. Nitakuja. Lakini sinyoi."

Kuhusu likizo ya Agosti, nimelivunja neno langu kwako. Shule zinafungwa Ijumaa, na Jumamosi Muhonja atapanda basi la asubuhi pamoja na mama yake. Mimi sitakuja hadi wewe mwenyewe uniite, na usiponiita nitaelewa. Sikuombi unisamehe mimi katika barua hii. Hilo ni deni la peke yake na nitalibeba. Ninachokuomba ni kwamba mtoto akifika, umpokee palepale uani uliposimama siku ile, mbele ya kina mama walewale, na yule aliyetaja mambo ya simu awepo. Usimwambie akuimbie. Muulize mdogo wake alikuwa akipenda nini, alikuwa akilalaje, alimwita nani kwa jina gani. Yeye ndiye aliyembeba mgongoni kila asubuhi. Hakuna anayemjua Griffins kama yeye, na tangu tumzike hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza.

Wasalimie wote wa nyumbani, majirani, na mchungaji, ambaye nitamwandikia kando. Mwambie fundi anayejenga kaburi kwamba fedha za saruji zipo kwa Triza. Dawa ya goti niliyokuahidi imo ndani ya kifurushi hiki, kijiko kimoja asubuhi baada ya kula. Jikinge na baridi.

Ile karatasi uliyoniomba, niliyokuwa nimeishika kaburini, nimeiweka humu. Si nakala, nakala wanazo kamati. Hii ndiyo yenyewe, na alama za kukunjwa ni za mkono wangu. Iweke ndani ya Biblia kama ulivyokusudia.

Ni mimi mdogo wako,

Patrobas Kweyu